Tairi na Rimu za Gari Dogo: Soma Nambari Kabla ya Kulipa

Magari madogo kama vile Toyota Vitz, Mazda Demio na Nissan March yanategemewa na familia nyingi za Taita Taveta. Hupeleka watoto shuleni, mazao sokoni na wagonjwa hospitalini. Mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na mara nyingi kitu cha kwanza ambacho mwenye gari hubadilisha ni magurudumu. Mmoja hutaka rimu pana zinazong'aa. Mwingine hutaka tairi kubwa ili gari lipae kidogo na kuepuka mawe ya barabara za murram.

Mabadiliko hayo yanaweza kufanywa kwa usalama. Tatizo huanza yanapofanywa kwa kuangalia umbo na bei pekee. Gari linaloteremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate likiwa na watu watano na mizigo hutegemea magurudumu yake katika kila kona, na hapo kosa la milimita chache huweza kugharimu maisha.

Nambari zilizo ubavuni mwa tairi

Kila tairi huandikwa vipimo vyake ubavuni. Mfano mmoja ni 165/70R14 81S, kipimo kinachopatikana kwenye Vitz nyingi. Maana yake ni hii:

- 165 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 70 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana, yaani asilimia 70 ya 165, ambayo ni karibu milimita 116.
- R huonyesha aina ya tairi, radial, ambayo ndiyo hutumika kwenye magari ya siku hizi.
- 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
- 81 ni nambari ya uzito. Tairi yenye 81 inaruhusiwa kubeba kilo 462.
- S ni kiwango cha juu cha mwendo, kilomita 180 kwa saa.

Vipimo ambavyo kiwanda kilikusudia viko kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hata kama maandishi yake ni ya Kijapani, nambari husomeka. Kibandiko hicho pia huonyesha presha ya hewa kwa kipimo cha kPa. Kwa vile pampu nyingi za vituo vya petroli husoma psi, gawanya nambari hiyo kwa 6.9. Kwa mfano, kPa 230 ni karibu psi 33.

Tairi kubwa huinua gari kwa kiasi gani?

Tuseme mwenye Vitz anaondoa tairi za 165/70R14 na kuweka 185/70R14. Rimu ni ileile, lakini kipenyo cha gurudumu kinatoka karibu milimita 587 hadi 615. Tofauti ni milimita 28. Hata hivyo, gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, milimita 14, kwa sababu nusu nyingine huongezeka upande wa juu, ndani ya madigadi.

Faida hiyo ndogo ina gharama. Gurudumu limekuwa kubwa kwa karibu asilimia 5, kwa hivyo injini ndogo hufanya kazi zaidi kupanda mlima na breki hufanya kazi zaidi kulisimamisha. Kipimamwendo nacho hudanganya. Ikiwa hapo awali kilikuwa sahihi, sasa kikionyesha 80, gari linakwenda karibu kilomita 84 kwa saa. Zaidi ya hayo, tairi inaweza kusugua madigadi gari linapobeba watu au usukani unapokatwa hadi mwisho.

Mafundi wengi hufuata kanuni moja: kipenyo kipya kisizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 3 ya kile cha awali. Anayetaka rimu za inchi 15 kwenye gari hilo anaweza kufikiria 185/55R15. Rimu ni kubwa zaidi lakini ubavu wa tairi ni mfupi, na kipenyo chote ni karibu milimita 585, tofauti ya milimita 2 tu. Ni vyema kukumbuka kwamba ubavu mfupi hauna mto wa kutosha. Kwenye mashimo, rimu hupinda na tairi hupasuka upesi. Kwa gari linalotumia murram kila siku, ubavu mrefu wa kiwandani huwa na faida zaidi.

Ofuseti ni nini?

Ofuseti ni umbali kati ya sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu, pale nati zinapofungwa, na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Hupimwa kwa milimita na huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET, kwa mfano ET45. Magari mengi madogo hutumia ofuseti ya kati ya 35 na 50. Nambari ikipungua, gurudumu hutokeza nje. Ikiongezeka, gurudumu huingia ndani, karibu na shoksi na breki.

Upana wa rimu na ofuseti huenda pamoja. Rimu ya upana wa inchi 5.5 yenye ET45 ikibadilishwa kwa rimu ya inchi 7 yenye ET35, ukingo wa nje husogea nje kwa milimita 29, na ukingo wa ndani hukaribia shoksi kwa milimita 9. Ndiyo maana rimu inaweza kuonekana inafaa gari likiwa tupu gereji, kisha ianze kusugua likipakia abiria.

Gurudumu lililotokeza sana huongeza mzigo kwenye beringi na viungo vya usukani, navyo huchakaa mapema. Usukani pia hupata tabia ya kuvuta upande mmoja breki zinapofungwa au gurudumu moja linapoingia kwenye shimo. Speisa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu, huleta athari hiyohiyo kwa kuwa hupunguza ofuseti.

Mambo mengine mawili ya rimu ni matundu ya nati na tundu la katikati. Vitz hutumia nati nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi iwekewe pete maalum ili ikae katikati barabara, la sivyo gari linaweza kutetemeka likiongeza mwendo.

Nambari ya uzito isishuke

Hili ndilo kosa ambalo halionekani kwa macho. Gari la kilo 1,000 likibeba watu watano wa kilo 70 kila mmoja na mizigo ya kilo 100 hufika kilo 1,450. Tairi nne zenye nambari 75 zinaruhusiwa kubeba jumla ya kilo 1,548, na hesabu hiyo inaweza kuonekana kuwa salama. Lakini uzito haugawanyiki sawasawa. Gari likifunga breki kwenye mteremko, uzito mwingi huhamia mbele, na tairi mbili za mbele huelemewa. Tairi mpya iwe na nambari ya uzito sawa na ya kiwandani au zaidi. Gari lililotoka kiwandani na tairi za mizigo, zenye alama LT, lisiwekewe tairi za kawaida za gari la abiria.

Kabla ya kulipa

Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo wanapobadilisha tairi au rimu:

1. Piga picha ya kibandiko cha mlangoni na uende nayo dukani.
2. Soma ET na upana wa rimu mpya, kisha ulinganishe na za zamani.
3. Angalia umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na mifereji mizuri na bado iwe imezeeka.
4. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu watano ndani, na usikilize kama kuna msuguano.
5. Hakikisha nati zinalingana na rimu mpya. Nati za rimu za chuma huenda zisifae rimu za aloi.
6. Rudi kwa fundi baada ya kilomita 50 hadi 100 ili nati zikazwe tena.

Fundi akisema rimu "itaingia tu", muulize ET yake ni ngapi na tairi inabeba kilo ngapi. Asipoweza kujibu, usilipe kwanza.