Igisoro Kwenye Simu: Watu Kumi na Wawili Utawatoa Wapi?

Igisoro, mchezo wa ubao wa Rwanda ulio jamaa ya bao, haihitaji kompyuta ya maana. Mashimo 32 na kete 64, kwa programu, ni safu ya namba 32 tu: unachota namba moja, unaigawa kwenye zinazofuata, kinyume cha mshale wa saa. Kijana wa Gitambi, wilayani Rusizi nchini Rwanda, mwenye laptopu iliyochoka na Godot, injini ya gemu iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2014 na isiyodai hata senti, anaweza kuifanya ichezeke kwenye simu yake ndani ya likizo moja. Kazi ni kuifikisha kwenye simu za watu wengine.

Ada ya Google Play, dola 25 zinazolipwa mara moja, wengi wanaijua. Sharti linalowashtua ni la akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023: gemu haiendi kwa umma mpaka watu wasiopungua 12 wawe wameijaribu, wakibaki kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20. Idadi ilishushwa Desemba 2024. Binamu anayejiunga leo na kujitoa keshokutwa hahesabiwi. Akaunti ya kampuni haibanwi hivyo, lakini mwanafunzi kampuni ataitoa wapi?

Kwa hiyo hata anayefanya kazi peke yake chumbani analazimika kuwa na wenzake, na mimi silalamiki.

Watengenezaji wamezoea kulipana fadhila kwenye makundi ya WhatsApp na Discord: nijaribie yangu, nikujaribie yako. Ni njia ya haraka, ingawa baadhi yao hufungua gemu nusu dakika tu ili deni liishe. Aliye makini atakwambia simu inachemka, maandishi hayasomeki kwenye kioo kidogo, au gemu inajifunga simu ikiita. Hatakwambia kwamba umeikosea igisoro yenyewe. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya ndani lenye kete, na mashimo mawili ya mpinzani yanayolikabili yote yana kitu, unateka kete hizo na kuzipanda kuanzia pale ulipoanzia mzunguko. Programu ikizipanda kuanzia pale ulipoishia, mgeni hataona kasoro. Mzee anayecheza kila jioni atakurudishia simu yako. Bingwa wa bao la Lamu naye hatakufaa kwa hili, maana bao la pwani huanza kwa hatua ya namua, kila mchezaji akiwa na kete 22 mkononi, wakati katika igisoro zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Mganda aliyekulia kwenye omweso, mchezo wa kwao wa aina hiyo hiyo, yuko karibu zaidi.

Ukiwatafuta wajaribu kutoka Rusizi, Kigali ni safari ndefu ya basi kupitia msitu wa Nyungwe, ila Bukavu, Kongo, iko ng'ambo tu ya mto Rusizi, na Kiswahili kinasikika pande zote mbili. Andika maelekezo kwa Kinyarwanda na Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kiungo cha jaribio hakigongewi muhuri mpakani.

Waliotangulia nao hawakwenda peke yao. Kola Studios ya Kampala iliingiza kwenye simu matatu, mchezo wa karata ambao Waganda walikuwa wakiujua tayari, ikaepuka kazi ya kuwafundisha wachezaji. Mwaka 2022 studio kumi za Afrika, zikiwemo DopeApps ya Rwanda, Usiku Games ya Kenya na Leti Arts ya Ghana, ziliunda muungano wa Pan Africa Gaming Group. Kwa anayeanza, Global Game Jam, hafla ya kutengeneza gemu kwa siku chache inayofanyika kila Januari tangu 2009, inatosha: gemu utakayotoka nayo huenda isifae kitu, lakini ndipo unapokutana na mtu anayejua kuchora.

Dola 25 zisubiri. Tuma faili kwanza kutoka simu hadi simu, keti kando ya mchezaji, nyamaza, tazama kidole chake kinakwama wapi. Kisha kusanya anwani za Gmail za watu ishirini hivi, kwa sababu wengine watajitoa, ndipo ufungue akaunti. Na gemu ichezeke bila bando.