Habari ya Chakula cha Msaada

Twaona yafaa kueleza habari ya chakula cha msaada, maana wengi huilaumu bila kuijua. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakaingia Ngara. Mavuno ya wilaya moja hayawezi kulisha umati kama huo. Basi chakula kililetwa kwa gari la moshi mpaka Isaka, kusini-magharibi kwa Ibadakuli, kikapakiwa katika malori.

Wakimbizi hulaumiwa kwa kuuza mahindi waliyopewa. Lakini kupika punje kavu humaliza kuni, na mwenye mashine ya kusaga hutaka ujira wake. Mama auzaye kibaba kimoja ili vilivyobaki visagwe hakuiba kitu. Ndiyo sababu pengine hugawiwa unga, au fedha palipo na soko karibu.