Maneno Huvunwa Vitabuni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimzungumzia mtoto, anayeokota maneno jikoni na mchezoni. Leo ni zamu ya mtu mzima.

Mwaka 1978 watafiti Saragi, Nation na Meister walitoa matokeo ya jaribio lililonipendeza kwa ujanja wake. Waliwapa watu wazima, wenye Kiingereza kama lugha ya kwanza, riwaya ya Anthony Burgess ya mwaka 1962, A Clockwork Orange. Humo vijana wahuni husema kwa maneno ya kubuni zaidi ya 200, mengi yenye asili ya Kirusi. Wasomaji walidhani wataulizwa habari za hadithi. Wakashtukizwa mtihani wa maneno 90 kati ya hayo, na kwa wastani wakapata asilimia 76. Faharasa hawakupewa. Naam, ulikuwa mtihani wa kuchagua jibu, na kuitambua maana si sawa na kulitumia neno. Lakini hakuna aliyekuwa amekaa kukariri.

Kilichowasaidia ni marudio. Kukutana na neno mara moja huacha kivuli tu. Ukisoma gazetini habari za adhabu “zinazomtweza” mfungwa, unahisi si jambo jema, basi. Baadaye, kwenye riwaya, bwana anamtweza mtumishi mbele ya wageni. Hapo unang’amua kuwa ni kumshushia mtu hadhi. Mara ya tano hulifikirii tena.

Ndivyo wengi walivyolipata “barakoa” mwaka 2020, wakati wa korona. Walidhani limebuniwa juzi, kumbe wanawake wa Unguja na Oman walikuwa wakivaa barakoa usoni tangu zamani.

Je, kamusi tuitupe? Hapana, ila usiikimbilie kwa kila neno, utapoteza utamu wa hadithi. Lifungulie neno linalorudi na kukukera. Na usilitafute “zinazomtweza” kwenye Z, kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Livue viambishi vyake, zi-na-zo-m, utabaki na tweza, nalo liko kwenye T.

Jambo moja walimu hulisahau: kila mwandishi ana maneno yake anayoyapenda, huyarudia kitabu hadi kitabu. Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hatujakutana wiki ijayo, chagua mwandishi mmoja umsome vitabu viwili au vitatu mfululizo. Kalamu iweke mbali.