Bendi za wikendi Washington: muziki umepigwa, malipo je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa bendi za wikendi hapa eneo la Washington, D.C., tunacheza ugenini. Mchana mmoja wetu anaendesha teksi, mwingine anahudumia wazee.

Jumamosi moja tulipiga nyimbo za Orchestra Virunga hadi saa nane usiku huko Silver Spring, jimboni Maryland. Tuliahidiwa dola 600. Mwenye sherehe akatupa 300, akidai watu hawakufika. Tuko watano: kila mmoja alipata dola 60, kabla ya petroli na kukodi spika.

Ahadi ilikuwa ya mdomo. Yeye ni mtu wa nyumbani, nasi tuliona haya kumwandikisha.

Sheria ipo. Mahakama ya madai madogo ya Washington, D.C. husikiliza madai ya hadi dola 10,000, ya Maryland hadi 5,000, na si lazima uwe na wakili. Lakini ushahidi unatakiwa, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Na kodi haisubiri. Anayejiajiri akibakiwa na faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, lazima aitangaze kwa Idara ya Mapato ya Marekani.

Sasa tunaomba nusu ya malipo kabla ya kufunga vyombo, na iliyobaki kabla ya wimbo wa mwisho.

Yule bwana ametupigia tena, ana harusi. Tumempelekea makubaliano ya ukurasa mmoja. Bado hajatia saini.