Mafaili ya Muda Yanayorejea: Sababu Zake na Namna ya Kuyashughulikia katika Kompyuta za Steshenari za Keko, Dar es Salaam

Makala hii inafafanua kwa nini baadhi ya mafaili ya muda ya mfumo wa kompyuta hurejea kila yanapofutwa. Hoja yake ni kwamba faili linalorejea ni alama ya kazi ambayo bado inaendelea ndani ya mashine. Anayelifuta kabla ya kujua ni programu gani inayoliandika hajatatua jambo lolote, na wakati mwingine huharibu kazi ya mtu mwingine.

Keko, katika Wilaya ya Temeke, inafahamika zaidi kwa mafundi seremala na samani zao kuliko kwa kompyuta. Hata hivyo, eneo hilo linapakana na Chang'ombe, kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 2005. Katika mazingira ya namna hiyo, kompyuta moja ya steshenari huhudumia mwanafunzi mwenye tasnifu, mwombaji kazi mwenye wasifu wake na fundi anayehitaji ankara, wote kwa siku moja na kwa akaunti moja. Jambo hili la kutumia akaunti moja litarejewa baadaye, kwa kuwa ndilo lenye madhara makubwa.

Istilahi yenyewe inapotosha kidogo. Neno "muda" humfanya msikilizaji adhani kwamba faili litajiondokea wakati wake ukifika. Katika mifumo mingi ya jamii ya Unix, folda ya /tmp husafishwa mashine inapowashwa upya, ilhali /var/tmp hukusudiwa kubakia. Katika Windows, mfumo unaotumika katika steshenari nyingi, folda ya Temp haijisafishi kwa kuzima na kuwasha tu. Usafi wake hutegemea uadilifu wa programu iliyoandika faili: ikimaliza kazi vizuri, hufuta, umeme ukikatika katikati ya kazi, haifuti.

Mfano ulio wazi zaidi ni foleni ya uchapishaji. Kazi inapotumwa kwenye printa, Windows kwa kawaida huandika mafaili mawili katika folda ya PRINTERS iliyomo ndani ya System32\spool: moja lenye kiishio cha SPL, ambalo hubeba maudhui ya kuchapwa, na jingine lenye kiishio cha SHD, ambalo hubeba maelezo ya kazi hiyo, kama vile jina la waraka na mtumiaji. Karatasi ikikwama au waya ukichomoka, kazi hubaki kwenye foleni. Mhudumu huifuta kwenye kidirisha, nayo huandikwa kuwa inafutwa, lakini haiondoki. Huzima kompyuta na kuiwasha, na kazi ileile hurudi, pengine ikachapa nusu ukurasa wa mteja aliyekwisha kuondoka. Hapa hakuna kirusi. Huduma ya uchapishaji inapoanza husoma folda ile, na kila inachokikuta humo hukirudisha kwenye foleni. Kufuta mafaili hayo huku huduma ikiendelea hukataliwa kwa maelezo kwamba yanatumika. Utaratibu unaofaa ni kuisimamisha huduma kwanza, kuondoa yaliyomo ndani ya folda (si folda yenyewe), kisha kuianzisha tena. Mpangilio huu ndio tiba yenyewe; hatua hizohizo zikifuatwa kinyumenyume hazisaidii.

Fundi seremala wa Keko angelielewa hili bila mhadhara: maranda hayaishi kwa kufagia iwapo randa bado inatembea juu ya ubao.

Mfano wa pili ni wa Windows 7. Mfumo huo huweka kumbukumbu za usakinishaji wa masasisho katika faili liitwalo CBS.log. Likikua, hubadilishwa jina na kukabidhiwa programu ya kubana mafaili. Programu hiyo hushindwa kubana faili linalozidi gigabaiti 2, na kila inaposhindwa huacha katika folda ya Temp ya Windows kipande kinachoanza na cab_, chenye ukubwa wa takribani megabaiti 100. Baadaye hujaribu tena, ikashindwa tena. Mwenye mashine huona diski imejaa, hufuta vipande hivyo, na baada ya siku chache diski imejaa upya. Tatizo haliko kwenye folda ya Temp hata kidogo. Liko kwenye kumbukumbu kubwa isiyobanika, katika folda nyingine kabisa. Huduma ya usakinishaji ikisimamishwa na kumbukumbu hiyo kuondolewa, vipande vikifutwa havirudi.

Mafaili yaliyofichwa yenye alama ya ~$ mwanzoni hayahitaji maelezo marefu. Huandikwa na Word ili kuonesha kwamba waraka umefunguliwa na nani, na mtu anaweza kuyafuta akiwa na hakika kwamba hakuna aliyeufungua. Folda za kwenye flashi zinazogeuka kuwa njia za mkato, na kurudia hali hiyo sekunde chache baada ya kufutwa, ni jambo jingine: hayo si mafaili ya muda, ni programu hasidi, na inayopaswa kusafishwa kwanza ni kompyuta.

Jambo lililomsukuma mwandishi kuandika makala hii ni hasara yake mwenyewe. Alifungua sura ya tasnifu moja kwa moja kutoka kwenye kiambatisho cha barua pepe katika duka moja la steshenari, akaihariri kwa saa tatu na kubofya kitufe cha kuhifadhi kila mara. Hakujua kwamba kiambatisho kilichofunguliwa bila kupakuliwa kwanza mara nyingi huwekwa ndani ya folda ya muda, na kwamba kuhifadhi kwake kulikuwa humohumo. Alipokwenda kununua maji, mhudumu alisafisha folda hiyo kwa nia njema, kwa kuwa mashine ilikuwa nzito. Tangu hapo mwandishi huona kwamba ushauri uliozoeleka, wa kufuta kila kilichomo ndani ya Temp, ni wa haraka mno kwa mashine inayotumiwa na wengi. Iliyo salama zaidi ni kuyapanga mafaili kwa tarehe, kuyaacha ya siku hiyo, na kuuliza waliopo kabla ya kugusa yenye viishio vya nyaraka.

Upande wa pili wa akaunti moja ni siri za wateja. Faili la SPL lililokwama bado lina maudhui ya waraka, uwe barua ya daktari au mtihani ambao haujafanyika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za namna hiyo pia. Kwa sababu hiyo, folda ya PRINTERS inafaa kukaguliwa kila jioni kabla ya duka kufungwa, hata siku ambayo printa haikusumbua.