Satelite Isiyoondoka Mahali Pake

Juu ya nyumba nyingi za mji kuna sahani kubwa za chuma. Zimefungwa imara, hazigeuki asubuhi wala jioni. Kila moja inatazama mahali pamoja pa mbingu. Mtu akitazama huko kwa macho yake, haoni kitu. Lakini kitu kiko. Ni satelite, ni kusema mashini iliyotengenezwa na watu na kupelekwa juu sana kwa roketi. Inapokea picha na sauti kutoka upande mmoja wa dunia, na kuzirudisha chini upande mwingine.

Hapo kuna jambo la kushangaza. Jua linapita, mwezi unapita, nyota nazo zinapita. Satelite hiyo imesimama tu. Haikufungwa kwa kamba, wala haikuegemea kitu. Je, kwa nini haianguki? Na kwa nini haiondoki mahali pake?

Tuanze na kuanguka. Mtoto akitupa jiwe kwa mkono mlegevu, linaanguka karibu na miguu yake. Akilitupa kwa nguvu, linafika mbali kabla ya kugusa udongo. Sasa fikiri kwamba jiwe limetupwa juu kupita hewa yote, tena kwa mbio kubwa kupita kiasi. Linaanguka, ndiyo, lakini dunia ni mviringo. Jiwe likishuka kidogo, udongo nao umejipinda chini yake kiasi kile kile. Basi halifiki chini kamwe, linazunguka dunia tu. Ndivyo ilivyo satelite. Si kweli kwamba haianguki. Inaanguka mchana na usiku, lakini kila mara inaikosa dunia.

Na kusimama je? Satelite ya kwanza, Sputnik ya Warusi, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Ilipita karibu na dunia, ikaizunguka kwa dakika 96 tu. Mwezi uko mbali sana, kadiri ya kilometa 384,000, nao unamaliza mzunguko wake kwa siku 27 na zaidi. Kilicho karibu kinakwenda mbio, na njia yake ni fupi. Kilicho mbali kinakwenda polepole, na njia yake ni ndefu. Basi, kati ya Sputnik na mwezi lazima pawepo mahali ambapo mzunguko mmoja unachukua siku moja, sawasawa na dunia inavyojigeuza. Wenye hesabu walipatafuta, wakapaona: kilometa 35,786 juu ya ekweta. Ni karibu mara tatu ya unene wa dunia yetu.

Anayeona jambo hili ni gumu afanye mchezo katika kiwanja cha masomo. Mtoto mmoja asimame katikati, ajigeuze polepole bila kuondoka. Mwenzake amzunguke kwa mbali, akijitahidi kubaki siku zote mbele ya pua yake. Yule wa nje anatembea sana, hata jasho linamtoka. Lakini yule wa katikati anamwona mahali pamoja tu. Satelite nayo inatembea, tena kilometa tatu kwa kila sekunde! Sisi hatuoni mwendo wake kwa sababu tunageuka pamoja nayo.

Mwaka 1945 Mwingereza mmoja, jina lake Arthur C. Clarke, aliandika kwamba vituo vitatu vilivyowekwa juu namna hiyo vingetosha kupeleka habari karibu dunia nzima. Alidhani watu wangekaa humo kuvitunza. Haikuwa lazima.

Kwanza watu walijaribu satelite za karibu. Mwezi wa Julai 1962 Telstar ilipeleka picha za televizio kati ya Marekani na Ufaransa. Watu walifurahi, lakini furaha ilikuwa fupi. Kila ilipopita, Telstar ilifaa kwa dakika 20 hivi, kisha ikazama. Tena ilipasa kuifuata mbinguni kwa antena yenye uzito kupita tani 300, ikigeuzwa bila kukosea hata kidogo.

Huko California mwenye ufundi mmoja, Harold Rosen, alitaka satelite isiyozama. Wengi walisema haiwezekani: roketi za siku zile hazikuweza kupeleka mzigo mzito mbali hivyo. Rosen na wenzake waliona kwamba wafanye kitu chepesi. Walijifunza kwa pia, ile ambayo watoto huchezesha chini. Pia ikisimama tu, inaanguka. Ikizunguka kwa mbio, inasimama wima. Basi walitengeneza satelite mfano wa ngoma ndogo inayojizungusha yenyewe, nayo ikakaa imara bila vyombo vingi vizito. Mwenzake mmoja, Donald Williams, aliamini kazi hiyo hata akamwendea mkubwa wa kampuni na dola 10,000, akiba yake mwenyewe, ili kazi isiachwe.

Ya kwanza, Syncom 1, ilirushwa tarehe 14 Februari 1963. Ilipanda vizuri. Saa chache baadaye, wakati wa kuwasha mota ya mwisho ya kuiweka mahali pake, ikanyamaza kabisa. Ilikuwako juu, lakini bubu. Fikiri huzuni ya watu wale! Miaka ya kazi ilipotea kwa sekunde chache. Lakini walichunguza kosa, wakatengeneza nyingine, na tarehe 26 Julai mwaka ule ule Syncom 2 ikapanda. Hiyo ilisema.

Tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy, akiwa Washington, aliongea kwa telefone na Abubakar Tafawa Balewa, waziri mkuu wa Nijeria. Balewa alikuwa ndani ya meli Kingsport, katika bandari ya Lagos. Hivyo moja ya sauti za kwanza zilizopita katika njia hiyo mpya ilikuwa sauti ya Mwafrika.

Lakini Syncom 2 haikusimama kabisa. Njia yake iliinama, na kwa sababu hiyo ilionekana kila siku ikipanda kaskazini na kushuka kusini, kama mtu anayechora namba 8. Syncom 3, ya mwezi wa Agosti 1964, iliwekwa sawasawa juu ya ekweta. Mwezi wa Oktoba Wamarekani waliona kwayo michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1965 ikaja Early Bird, yenye kazi ya biashara kati ya Ulaya na Marekani: mazungumzo 240 ya telefone, au programu moja tu ya televizio. Siku hizi satelite moja inachukua mamia ya programu.

Kongo nayo ina sehemu yake. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, na picha zikaenda mbali kwa satelite. Walianza saa kumi ya usiku! Kwa nini usiku hivyo? Kwa sababu huko Marekani ilikuwa bado jioni, na watazamaji wa kule ndio waliongojewa.

Njia hiyo ina matata yake. Mawimbi ya redio yanayobeba sauti yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, lakini kupanda na kushuka ni zaidi ya kilometa 71,000. Basi neno linachelewa robo ya sekunde, na jibu robo nyingine. Wanaoongea kwa telefone wanadhani mwenzao anasitasita, wanaanza kusema pamoja. Ndiyo sababu mazungumzo mengi na data nyingi siku hizi hupita katika kamba zilizolazwa chini ya bahari. Mvua kubwa nayo hukata picha. Lakini katika kijiji cha mbali, ambako hakuna kamba wala mnara, sahani inafanya kazi kama mjini.

Satelite nayo inazeeka. Jua na mwezi vinaivuta kidogo kidogo itoke njiani, na lazima irudishwe kwa roketi zake ndogo. Mafuta yakikaribia kwisha, wakubwa wake huisukuma juu zaidi, kadiri ya kilometa 300, isije ikagongana na nyingine. Early Bird iliachishwa kazi mwaka 1969. Haikuanguka. Ingali inazunguka dunia hata leo, kimya.