Nyumba Ielayo Juu ya Maji

Huko London, katika mto Lea, wako watu wakaao na wake zao ndani ya mashua nyembamba, ambazo upana wake ni kiasi cha mita 2 tu. Mume na mke waingiao humo mara ya kwanza huona taabu. Maji ni yale ya tangi: mmoja akioga kwa israfu, mwenziwe hukosa ya kupikia. Sheria ya mwaka 1995 yawakataza wasio na gati lao kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Basi huhama wao na nyumba yao. Wakati wa baridi huwasha jiko, nalo laweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ikawaua usingizini. Kwa hiyo tangu 2019 ni lazima kila mashua ya kukaa watu iwe na chombo cha kuwaamsha.

Humo hamna chumba cha kununia. Waliogombana jana, leo mmoja hufungua kamba na mwenziwe hushika usukani.

Enyi vijana mtakao kuoa, jiulizeni kwanza: je, twaweza kupishana kwa upole mlangoni?